Mama, mwache kijana akasome uchumi

Jumapili moja baada ya ibada hapa Tabora, mama mmoja alinisubiri chini ya mwembe. Tangu nilipokuwa naagana na waumini mlangoni niliona kwamba ana neno. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulipokwisha kusalimiana akaikunjua. Ilikuwa orodha ya kozi ambazo mwanawe, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa EGM, ameomba kusoma chuo kikuu. Ya kwanza kabisa ilikuwa shahada ya uchumi.

“Mwalimu,” akaniambia, “mimi nilitaka akafundishe hesabu, kama baba yake mdogo. Sasa yeye anataka kwenda kusomea pesa. Miaka mitatu, pesa tu! Akirudi hapa atakuwa bado ni wa Mungu?”

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia tuombe kwanza, nami nitalifikiri neno lake. Nimelifikiri. Leo nataka nimjibu yeye, na nikujibu wewe msomaji ambaye huenda una karatasi kama ile nyumbani kwako.

Nianze kwa kusema kwamba hofu ya mama huyu si ya kijinga. Mtume Paulo alimwonya Timotheo kwamba kupenda fedha ni shina la mabaya, na wapo waliopotea kwa ajili hiyo. Tunawajua. Wengine walikuwa wanakwaya wenzetu. Lakini soma vizuri: Paulo anasema juu ya kupenda fedha. Kuielewa fedha ni jambo lingine, na mara nyingi asiyeielewa ndiye anayetumikishwa nayo. Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kuzungumza habari hizi. Hesabu mifano yake: talanta walizokabidhiwa watumwa, dinari ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, shilingi iliyopotea ndani ya nyumba, wadeni wawili, tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake. Ukiiondoa fedha katika mifano ya Yesu, Injili ya Luka inabaki na matundu mengi.

Sasa tazama neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema uchumi, neno linalotokana na kuchuma. Mtu huchuma matunda, huchuma mboga, huchuma mali. Ni neno zuri, kwa kuwa asiyechuma hana cha kumpa mwenzake. Lakini lugha za Ulaya zilichukua neno lao la uchumi kutoka Kigiriki, oikonomia, maana yake utunzaji wa nyumba. Na neno hilo limo katika Agano Jipya. Fungua Luka 16, habari za tajiri aliyemwita msimamizi wa mali yake atoe hesabu. Pale Biblia yetu inaposema “uwakili”, Kigiriki cha Luka kinasema oikonomia. Kwa hiyo yule kijana anayeomba kusoma uchumi, kwa lugha ya Luka anaomba kusoma uwakili.

Mchumaji huuliza: nitapata nini? Wakili huuliza: hiki nilichoshika ni cha nani, na siku ya hesabu nitamwambia nini mwenye mali? Kijana anaweza kukaa darasa moja, akasoma vitabu vilevile, akafaulu mtihani uleule, akiwa mmoja wa hawa wawili. Chuo hakitamchagulia. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwetu, wazazi na kanisa.

Sisi wa Tabora tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu mji wetu wenyewe ni mtoto wa biashara. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, Unyanyembe ilikuwa njia panda. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika hapa, kisha mmoja ukaelekea Ujiji na mwingine ukapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857 wakitafuta maziwa. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa akisubiri wapagazi wa kuendelea na safari yake, na tembe alilokaa watalii wanalitembelea hadi leo.

Njia ile ilikuwa darasa la uchumi. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mfanyakazi wa ujira aliyejua thamani ya bega lake. Alilipwa kwa nguo na shanga, kwa kuwa hizo ndizo zilikuwa fedha ya bara. Kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani kilipendwa hata kikaitwa merikani. Neno mtumba, ambalo leo tunalitumia kwa nguo zilizovaliwa Ulaya, zamani lilikuwa robota la nguo lililobebwa begani mwa mpagazi. Watemi walitoza hongo ili msafara upite. Na wenye misafara wengi walisafiri kwa mkopo wa matajiri wa Unguja, ambao maarufu kati yao alikuwa Taria Topan, aliyemkopesha hata Tippu Tip.

Wanafunzi wa uchumi mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba gharama ya kitu ni kile unachokiacha ili ukipate. Wengi hulikariri somo hilo kwa mtihani. Babu zetu walilijua kwa miguu. Mvua zilipokaribia, wapagazi walikuwa wagumu kupatikana, kwa sababu aliyekwenda pwani msimu wa kulima aliliacha shamba lake. Tajiri aliyetaka safari wakati huo alijuta. Ndugu yangu, usidhani maarifa haya ni mageni kwetu. Yalikuwapo hapa, bila shahada.

Lakini njia ile ilikuwa na jambo lingine, nasi tusilifiche kwa sababu ni Jumapili. Pamoja na pembe za ndovu, walipita watu waliouzwa. Pembe zilikwenda Ulaya na Marekani zikachongwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Wanadamu walikwenda kwenye mashamba ya karafuu na kwingineko, na wengi hawakufika. Katika daftari la mwenye msafara, pembe na mtu viliandikwa ukurasa mmoja, kila kimoja na bei yake.

Yohana aliliona daftari kama hilo. Katika Ufunuo sura ya 18 anaorodhesha bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Babeli wanazililia mji unapoanguka: dhahabu, kitani nzuri, hariri, vyombo vya pembe, ngano, ng’ombe, kondoo. Mwisho kabisa wa orodha, baada ya farasi na magari, anataja miili na roho za wanadamu. Nguo, pembe, watu. Kama mtu angeniambia kwamba sura ile iliandikwa kando ya barabara yetu ya Bagamoyo na Ujiji, ningekaribia kumwamini. Dhambi ya Babeli iko pale, katika kumweka mwanadamu kwenye orodha moja na mifugo na kuendelea kujumlisha.

Basi, mama yangu, nakubaliana nawe kwamba kuna uchumi usio wa Mungu. Lakini dawa yake iko wapi? Tazama ambaye Mungu alimtumia wakati wa njaa.

Yusufu alikuwa bidhaa ya msafara. Mwanzo 37 inasema ndugu zake walipoinua macho waliona msafara wa Waishmaeli umebeba manukato ukienda Misri, wakamuuza kwa vipande ishirini vya fedha. Kijana aliyekuwa na bei ndiye baadaye aliyepanga akiba ya nchi nzima: sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, iwekwe mijini, ilindwe. Biblia haisemi kwamba Yusufu aliomba mikate ishuke kutoka mbinguni. Inasema alikusanya, akaweka ghalani. Watu waliishi kwa sababu mtu mmoja mcha Mungu alijua kuhesabu.

Hapo ndipo wahubiri wengi huishia. Mimi nakuomba usome mpaka sura ya 47. Njaa ilipozidi, watu walimletea Yusufu fedha zao zote. Zilipokwisha wakaleta mifugo. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu ila ardhi na miili yao, wakavitoa hivyo, wakawa watumwa wa Farao. Waliosalimika ni makuhani peke yao: ardhi yao haikununuliwa, kwa kuwa walikuwa wanakula posho ya Farao. Watumishi wenzangu, mstari huo tuusome taratibu. Mtu anayekula posho hachelewi kuona kwamba mambo ni mazuri.

Kwa hiyo hata Yusufu, aliyeuzwa mwenyewe, aliweza kusimamia hesabu iliyookoa tumbo la mtu na kuchukua uhuru wake. Sitaki kumhukumu. Nataka kijana anayekwenda kusoma uchumi asome sura zote mbili, ya 41 na ya 47, ajue kwamba kazi yake ina uwezo huo wa pande mbili.

Hapa mkoani kwetu tuna mfano wa karibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaanzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3, katika Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Palikuwa na wataalamu, ramani, matrekta na majedwali ya hesabu. Ulianza mwaka 1947, na mwaka 1951 ukaachwa, baada ya kuteketeza pauni zaidi ya milioni 35. Kule Kongwa mvua haikuwa ya kutegemewa, na udongo ulipokauka uligeuka tofali. Mkulima wa Kigogo angeweza kuwaambia hayo bila kudai posho. Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akasema lazima aketi kwanza ahesabu gharama asije akachekwa. Wale waliketi wakahesabu sana. Walisahau kuwauliza wenye udongo.

Na tusiwacheke Waingereza peke yao. Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora, kisha akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria. Akiwa hapa alifanya kwa muda mfupi kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha alipoona taarifa zake kuhusu udanganyifu wa bei hazifanyiwi kazi. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, na miongoni mwa masomo aliyosoma huko ni uchumi. Alirudi mwaka 1952. Hakuna anayeweza kumshtaki Mwalimu kwamba alipenda fedha. Alimpenda mkulima. Hata hivyo, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982, wakati ambapo wengi wetu tunakumbuka foleni za sukari na sabuni. Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvivunja vyama hivyo lilikuwa kosa. Upendo wake ulikuwa wa kweli, lakini mkulima aliyependwa alikaa bila chama chake kwa miaka sita.

Weka mifano hiyo miwili pamoja. Urambo hesabu zilikuwapo, watu hawakuulizwa. Mwaka 1976 watu walipendwa, hesabu haikutosha. Taifa letu linahitaji kijana mwenye vyote viwili, na sijui mahali pa kumpata isipokuwa katika nyumba kama ya mama huyu, ambako watu wanasali na wanajua bei ya mbolea.

Sasa nikueleze jambo nililojua baadaye. Mama huyu ni mkulima wa tumbaku. Ada ya kijana ilitoka kwenye tumbaku. Unajua kazi ile: kitalu, kupandikiza, kuchuma jani kwa jani, kukesha na moto kwenye bani, kufunga mizigo, kumsubiri mteuzi apange madaraja. Pembejeo anachukua kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na bei inatajwa kwa dola, fedha ambayo yeye hajawahi kuishika. Msimu mmoja malipo yalichelewa miezi kadhaa. Yalipokuja yalikuwa yamekatwa deni ambalo halikuwa lake. Wanachama wengine walishindwa kulipa pembejeo, na mkopo ulikuwa wa pamoja. Mama alipewa karatasi yenye tarakimu. Akauliza, akaambiwa ndivyo ilivyo. Akaikunja karatasi, akaenda nayo nyumbani.

Wiki iliyofuata nilikutana na kijana, nikamuuliza kwa nini uchumi. Nilitegemea aniambie habari za benki. Akatazama chini, akasema, “Mwalimu, nataka kujua ile hesabu ya mama ilikatwa wapi.”

Msomaji wangu, huyo siyo mtoto anayekwenda kusomea pesa. Huyo anakwenda kusomea uwakili. Nimekwisha kumwambia mama yake hivyo, nawe nakuambia.

Lakini nisikudanganye kwa maneno matamu. Nina neno kwa kila mmoja.

Kwako kijana. Shahada hii ina hisabati na takwimu nyingi kuliko wengi wanavyodhani, iwe unakwenda Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe, au Sokoine kusoma uchumi wa kilimo. Anayeikimbia hisabati atabaki na maneno makubwa tu, na maneno makubwa ndiyo yaliyomkata mama. Jifunze pia kuyaeleza unayojifunza kwa Kiswahili, na kwa Kinyamwezi ukiweza. Kama huwezi kumweleza mama kwa nini dola ikipanda malipo yake yanabadilika, bado hujaelewa. Rudi kwenye kitabu. Likizo ndefu njoo nyumbani. Nenda siku ya soko la tumbaku na daftari, usimame karibu na mizani. Mithali 11 inasema Bwana huchukia mizani ya hadaa, na wewe utakuwa na macho ya kuitambua. Hesabu pia kile ambacho karatasi ya malipo haikitaji: miti ya miombo iliyoungua kwenye mabani, na watoto waliokosa shule msimu wa kuchuma.

Kwako mzazi. Usimpeleke mtoto kwenye uchumi kwa sababu umesikia kuna mishahara benki. Wahitimu ni wengi, nafasi ni chache, na atakayehitimu anaweza kukaa nyumbani muda. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka limalizike. Kaeni pamoja mezani mlihesabu hilo kabla, kama yule wa mnara. Na kama moyo wake uko kwenye ualimu au ufundi, mwache. Lakini kama anayo ile kiu ya kujua hesabu ilikatwa wapi, usimzuie kwa jina la Mungu. Mungu hajawahi kuogopa hesabu sahihi.

Kwetu sisi kanisa. Tunawaombea vijana wanapokwenda chuo, tunawapungia mikono stendi, halafu wakirudi na shahada ya uchumi tunawapa kazi ya kupanga viti vya harusi. Mwombeni mmoja wao akae na kamati ya fedha. Mpeni daftari la sadaka na la ujenzi. Akiuliza kwa nini saruji ya mwaka jana ilinunuliwa mara mbili, asiitwe mwasi. Tukikataa kutoa hesabu ya uwakili wetu kwa mtoto wetu wenyewe, tutaitoaje mbele za yule aliyesema, katika Luka 16, kwamba asiyekuwa mwaminifu katika mali ya dunia hatapewa mali ya kweli?

Leo reli ya kisasa inajengwa kupitia Tabora, nayo itafuata kwa sehemu kubwa njia ileile waliyopita wapagazi. Mizigo itakuwa mingi kuliko pembe na merikani. Mtu atakaa mahali na kuamua nauli, ushuru, bei ya mahindi yetu huko mwisho wa reli. Ningependa mmoja wa watu hao awe kijana anayejua kwamba mama yake aliwahi kupewa karatasi asiyoielewa, na anayemwogopa Mungu kiasi cha kutokumwandikia mama mwingine karatasi kama ile.

Mama, ile karatasi yenye orodha ya kozi mrudishie. Ile nyingine ya tumbaku, usiitupe. Mfungie kwenye begi lake, chini ya Biblia, aende nayo chuoni.

Jumapili njema.